Momenti ya girda kwenye modeli ya daraja ni ndogo kuliko hesabu ya mkono: nimekosea wapi?

mhandisi_mpya aliuliza:

Ndugu wahandisi, salaam. Ninaandaa modeli ya daraja la barabara lenye spani moja (umbali kati ya egemeo na egemeo), na hii ni mara yangu ya kwanza kuijenga modeli mwanzo hadi mwisho baada ya miaka miwili ya kukagua za wengine. Daraja limenyooka, halina mshazari. Lina girda (boriti kuu) tano za zege zenye umbo la I, zinazomwagwa na kuvutwa nyaya yadi kabla ya kupelekwa mtoni, zikiwa zimepangwa kila baada ya mita 2.0, na juu yake itamwagwa slabu ya unene wa milimita 200 yenye upana wa mita 10. Kutoka katikati ya beringi (kikalio cha girda) hadi katikati ya beringi ya upande wa pili ni mita 24.0, ingawa girda yenyewe ina urefu wa mita 24.6.

Vipimo vya girda nilivyoingiza ni hivi: kimo mita 1.40, eneo la sekisheni (mkato wa girda) 0.50 m², momenti ya pili ya eneo (kipimo cha jinsi sekisheni inavyopinga kupinda) 0.11 m⁴, na kitovu cha sekisheni kipo mita 0.65 kutoka chini. Slabu nimeiunda kwa elementi za bamba, na girda kwa elementi za boriti zinazotumia nodi (nukta za kuungania elementi) zilezile za slabu, kisha nikabadilisha nukta ya kupachikia ili girda ining'inie chini ya slabu mahali pake halisi, yaani kitovu chake kikae milimita 850 chini ya kitovu cha slabu. Maegemeo nimeyaweka kwenye nodi za mwisho za kila girda. Upande mmoja nimeufunga na upande wa pili nimeuachia usogee kwa urefu wa daraja.

Kwa mkono, girda ya katikati inabeba uzito wake wa 12.5 kN kwa mita na slabu ya 10 kN kwa mita, jumla 22.5, kwa hiyo momenti (nguvu ya kupindisha) ya katikati ya spani ni 22.5 × 24² ÷ 8 = 1,620 kNm. Programu inanipa 655 kNm. Zaidi ya hapo, inaniambia girda ina nguvu ya kuvutwa kwa urefu ya 1,126 kN, jambo ambalo sikulitarajia kwenye boriti isiyo na mzigo mwingine ila uzito wa wima. Nguvu za maegemeo ziko sawa, 270 kN kila mwisho wa girda, na jumla ya daraja zima ni 2,700 kN kama nilivyohesabu. Nimeshauriwa kuugawa wavu wa elementi uwe mdogo zaidi. Nimetoka elementi za mita 2 hadi nusu mita, na namba haikutikisika. Mwingine amenishauri niachane na kuishusha girda, niiweke usawa mmoja na slabu. Naomba mwongozo kabla sijabomoa nilichojenga.

mzee_wa_girda alijibu:

Usibomoe kitu. Namba yako ni sahihi, ila umesoma sehemu moja tu ya jibu.

Girda na slabu zikishikamana zinapinda kama kitu kimoja. Girda iliyo chini inarefuka, kwa hiyo inavutwa. Slabu iliyo juu inafupika, kwa hiyo inabanwa kwa nguvu ileile ya 1,126 kN. Nguvu hizo mbili, moja ikivuta na nyingine ikisukuma, zikiwa zimeachana kwa mita 0.85, nazo ni momenti, tena ndiyo sehemu kubwa ya momenti yote. Programu haikuonyeshi momenti ya girda na slabu kwa pamoja. Inakuonyesha momenti ya kila elementi kukizunguka kitovu chake yenyewe. Chukua karatasi ujumlishe: girda yenyewe 655, kipande cha slabu chenye upana wa mita 2.0 juu yake kama 8, na 1,126 × 0.85 ambayo ni 957. Jumla ni 1,620. Ile nguvu ya kuvuta iliyokushangaza ndiyo iliyobeba momenti uliyokuwa ukiitafuta.

Programu nyingi za madaraja zina amri ya kukata daraja zima au girda moja pamoja na kipande chake cha slabu na kujumlisha nguvu zote kwenye nukta moja. CSiBridge, kwa mfano, ukilijenga daraja kama kitu kimoja badala ya kuchora elementi mojamoja, hukuonyesha matokeo ya kila girda yakiwa tayari yamejumlishwa na slabu yake. Mimi hata nikiwa na amri hiyo bado najumlisha kwa mkono kwenye girda moja, kwa sababu mpaka wa kipande cha slabu hupangwa na mtu, na mtu huyo ukikuta alikuwa amechoka siku hiyo utalipa wewe.

Ushauri wa kuiweka girda usawa mmoja na slabu unanitia wasiwasi kuliko kosa lolote katika swali lako. Ukifanya hivyo, programu itakupa momenti ya girda ya karibu 1,600 kNm, nawe utaridhika kwa kuwa inafanana na hesabu ya mkono. Lakini ukakamavu wa girda na slabu yake utakuwa umeshuka kutoka 0.272 m⁴ hadi 0.111 m⁴, na daraja litainama karibu mara mbili na nusu ya linavyopaswa kuinama. Kwa uzito wa kudumu uliosambaa sawasawa kosa hilo halionekani kwenye momenti, maana girda zote zimelemewa sawa. Subiri lori lipite upande mmoja: mgawanyo wa mzigo kati ya girda na girda unategemea ukakamavu wa girda ukilinganishwa na wa slabu inayoziunganisha, na hapo utakuwa umepunguza wa girda peke yake. Ukitaka modeli isiyo na nguvu za urefu, jenga gridi ya boriti tupu, girda zikipewa sekisheni ya pamoja ya 0.272 m⁴ na boriti za kukatiza zikipewa ukakamavu wa slabu. Hiyo ni njia halali, na kwa daraja la aina yako inatosha kabisa.

Jambo la pili ni maegemeo. Umeyaweka kwenye nodi ambazo ziko usawa wa slabu, ilhali beringi ziko chini ya girda, mita 1.50 kutoka hapo. Kwa uzito wa wima, na upande mmoja ukiwa huru, haikudhuru. Kwa nguvu ya breki na kwa joto itakudhuru. Weka nodi mpya kwenye usawa wa beringi, uziunganishe na nodi za girda kwa viungo vigumu.

mhandisi_mpya aliandika:

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Nimejumlisha kama ulivyoelekeza na nimepata 1,620 kamili kwenye girda ya katikati. Kisha nikashusha maegemeo kwa viungo vigumu vya mita 1.50 kama ulivyosema, nikaendesha upya bila kugusa kitu kingine, na sasa jumla ya momenti za girda, slabu na nguvu zao za urefu, zote zikipimwa kukizunguka kitovu cha sekisheni ya pamoja, imeshuka hadi 780. Nguvu za wima bado ni 270 kila upande. Nimerudia mara tatu.

nodi_na_nguvu alijibu:

Kaka, kabla ya kurudia mara ya nne, fungua jedwali la nguvu za maegemeo usome safu ya nguvu za mlalo, siyo ya wima. Nina hakika utakuta karibu 817 kN kila mwisho wa girda, upande mmoja ukisukuma mashariki na mwingine magharibi. Boriti iliyoegemezwa kikawaida, ikibeba mzigo wa wima tu, haina sababu ya kusukuma beringi kwa mlalo hata kilonyutoni moja.

Kilichotokea ni kwamba ulipounda nodi mpya za beringi ulinakili egemeo la upande uliofungwa ukalibandika pande zote mbili. Girda inapoinama, ncha zake za chini zinataka kusogea nje. Ukizifunga zote mbili, umelifanya daraja kuwa tao. Kitovu cha sekisheni ya pamoja kiko mita 1.028 kutoka chini ya girda, na 817 × 1.028 ni 840, ndiyo iliyotoka kwenye 1,620 ikabaki 780. Modeli yako ya kwanza haikuwa na kosa hilo kwa kuwa upande mmoja ulikuwa huru. Kosa hili ni la hatari zaidi kuliko lile la kwanza, kwa sababu linapunguza momenti na kulifanya daraja lionekane salama, na nguvu za wima zinabaki zikijumlika vizuri kama kwamba hakuna kilichoharibika.

Nadhani ulifikiri hivi: beringi za mpira zinafanana pande zote, kwa hiyo hata maegemeo yafanane. Ulikuwa sahihi kwamba zinafanana, ila zinafanana kwa ulegevu, si kwa kufungwa. Ondoa kizuizi cha mlalo pande zote mbili uweke springi. Ukakamavu wa springi hiyo ni moduli ya mkato ya mpira, zidisha kwa eneo la beringi, gawanya kwa jumla ya unene wa tabaka za mpira bila kuhesabu mabati yaliyo ndani. Kwa beringi ya milimita 300 kwa 400 yenye mpira wa jumla ya milimita 40, na moduli ya 0.9 N/mm², unapata 2.7 kN kwa milimita, yaani 2,700 kN kwa mita. Angalia vizio vya vipimo hapo, maana nimewahi kuona mtu akiingiza 2.7 kwenye programu iliyopangwa kwa mita, na daraja likaondoka kwa breki ya gari moja. Ukiendesha upya, nguvu ya mlalo itashuka kutoka 817 hadi kama 4 kN, na momenti itarudi 1,616 au karibu na hapo. Hiyo tofauti ya 4 ni ya kweli. Mpira hata ukiwa laini hushika kidogo.

fundi_wa_yadi alijibu:

Nimefuatilia mazungumzo haya kwa furaha, lakini naomba niongeze kitu ambacho bado hakijaguswa. Momenti ya 1,620 mliyoitafuta mkaipata imewekwa kwenye sekisheni ambayo siku ya kumwaga slabu haipo.

Nieleze jinsi kazi inavyokwenda pale mtoni. Girda inabebwa kwa kreni na kulazwa juu ya beringi, na kuanzia hapo inajibeba peke yake: 12.5 kN kwa mita, momenti 900 kNm. Kisha mafundi wanafunga mbao na nondo juu yake na kumwaga zege la slabu. Isipokuwa mmeweka mirunda chini ya girda, na mtoni hakuna mtu anayeweka mirunda, ile slabu mbichi ni mzigo tu. Haina nguvu yoyote ya kuisaidia girda. Kwa hiyo 720 kNm za slabu nazo zinabebwa na girda peke yake. Slabu inaanza kufanya kazi ikishakomaa, na itakachosaidia kubeba ni kerbu (kingo za barabara), lami, na magari.

Sasa pima mkazo wa chini ya girda. Momenti yote ya 1,620 ikiwa kwenye girda peke yake, 1,620 × 0.65 ÷ 0.11 inatoa MPa 9.6 za kuvuta. Modeli yenu ya hatua moja, iliyomwaga girda na slabu kwa wakati mmoja na kuwasha uzito mara moja, inatoa 1,620 × 1.028 ÷ 0.272, yaani MPa 6.1. Tofauti ni MPa 3.5, na tofauti hiyo lazima izimwe na nyaya. Anayepanga idadi ya nyaya kwa kuangalia 6.1 atapunguza nyaya ambazo daraja linazihitaji.

Kwa hiyo kwenye programu panga hatua za ujenzi. Hatua ya kwanza, girda na nyaya zake na uzito wake, slabu haipo kabisa. Hatua ya pili, slabu inaingia kama mzigo wa 10 kN kwa mita juu ya girda, bado haina ukakamavu. Hatua ya tatu, slabu inapata ukakamavu bila uzito, kwa kuwa uzito wake umeshahesabiwa. Hatua ya nne, kerbu na lami. Watu wengi hukosea kati ya ya pili na ya tatu: wanaiwasha slabu kwenye hatua ya tatu ikiwa na uzito wake, na daraja linaibeba slabu mara mbili. Ukiona jumla ya nguvu za wima imekuwa 3,900 badala ya 2,700, ujue umo humo.

Umesema girda ina mita 24.6, na nimefurahi kuona umetumia 24.0 kwenye hesabu. Hakikisha hata modeli imefanya hivyo, kwa maana programu nyingine huchukua urefu wa girda kuwa ndio spani, na kwa kipimo chako hilo linaongeza momenti kwa asilimia 5 bila sababu. Vilevile umeipa slabu na girda moduli (kipimo cha ukakamavu wa zege) moja. Kama girda ni zege la C50/60 na slabu ni C30/37, Yurokodi (kanuni za Ulaya za usanifu) inatoa GPa 37 na 33. Siyo tofauti ya kutisha, lakini iingize.

Nyaya usizisahau. Kabla ya kuamini mkazo wowote, endesha hatua ya kwanza ikiwa na nyaya tu, bila uzito. Kwenye boriti iliyoegemezwa kikawaida nguvu za wima za maegemeo lazima ziwe sifuri, nguvu ya urefu iwe sawa na mvuto wa nyaya, na momenti iwe mvuto mara umbali wa nyaya kutoka kitovu cha girda. Na girda iinuke.

kipimo_cha_mizigo alijibu:

Nitasema kidogo kuhusu magari, maana ndiko utakakoelekea sasa. Kama mkataba wako unafuata Yurokodi, usizichore njia za mzigo juu ya mistari itakayopakwa barabarani. Barabara ya upana wa mita 7.5 kati ya kerbu na kerbu inagawanywa kuwa njia mbili za kubuni za mita 3.0 kila moja na mabaki ya mita 1.5, na njia hizo zinasogezwa kokote zitakakoipa girda unayoiangalia mzigo mkubwa zaidi. Kwa girda ya pembeni, njia ya kwanza inabanwa kwenye kerbu.

Jipime hivi kabla ya kuiachia programu itafute yenyewe: weka njia ya kwanza peke yake, ekseli mbili za kN 300 zilizoachana mita 1.2, kila moja sentimita 60 kutoka katikati ya spani, pamoja na kN 9 kwa mita mraba juu ya upana wa mita 3. Ekseli zinatoa 300 × 11.4 = 3,420 kNm, mzigo uliosambaa 27 × 24² ÷ 8 = 1,944, jumla 5,364. Momenti za girda zote tano, zikijumlishwa na slabu kama mzee alivyoonyesha, lazima zifike hapo. Namna zinavyogawana ndiyo kazi ya modeli. Jumla yao ni kazi ya hesabu ya mkono.

Na ukiulizwa kwa nini huweki tu lori la tani 56 ambalo ndilo ukomo wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, jibu kwamba ekseli zile mbili peke yake ni kN 600, zaidi ya lori lote hilo, zikiwa zimesimama ndani ya mita 1.2. Mzigo wa kubuni si picha ya gari fulani.

mhandisi_mpya aliandika:

Ndugu zangu, nimekaa nayo siku mbili. Nguvu ya mlalo ilikuwa 817 kama ilivyotabiriwa, na baada ya kuweka springi imekuwa 4. Mzigo wa njia ya kwanza umejumlika 5,361 kwenye girda tano, nami nimeikubali hiyo tofauti ya 3. Hatua za ujenzi zimekaa, na jumla ya wima imebaki 2,700 hadi slabu inapokomaa.

Kilichonitoa jasho ni kipimo cha mwisho cha fundi_wa_yadi. Niliendesha nyaya peke yake, mvuto wa 3,000 kN, zikiwa milimita 550 chini ya kitovu cha girda, nikitarajia momenti ya 1,650 inayoinua. Girda iliinama chini, kwa momenti ya 900. Nilikesha nikitafuta alama ya kutoa iliyokosewa, na haikuwepo. Programu ilikuwa inapima umbali wa nyaya kutoka mstari wa nodi, na mstari huo uko kwenye kitovu cha slabu. Kwa hiyo milimita 550 chini ya hapo ni milimita 300 juu ya kitovu cha girda. Nyaya zangu zilikuwa zimepita kwenye nusu ya juu ya girda. Nimeandika 1,400 badala ya 550, nikaendesha, na momenti imekuja 1,650 huku girda ikiinuka.

fundi_wa_yadi alijibu:

Sasa washa uzito wake wa 900 juu ya hiyo 1,650 uone kama bado imeinuka, kisha soma mkazo wa juu ya girda. Ukikuta umebanwa chini kidogo ya MPa 1, peleka michoro yadi.